Kamera Isiyojua Rangi

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama ukumbini mjini Sofia, nimeshika koti la mtu aliyeniibia. Watu wanampigia makofi, yeye anainama kama askofu, na mimi mikono imejaa koti.

Mama mmoja wa Tryavna kaandika gazetini kwamba mimi ni mjinga. Angekuwa yeye, lile koti angelitupa chini na kulikanyaga. Ahsante, mama. Lakini wewe hukusimamiwa ndoa na Velizar.

Kwa mgeni wetu wa leo: mimi ni Yonka, mpiga picha wa hapa Gabrovo. Velizar ni msimamizi wetu wa ndoa, mpiga picha naye, tena mwenye jina. Aliniazima kamera yake ya dijitali isiyojua rangi, ile inayotoa picha nyeusi na nyeupe tu hata ukiipeleka bustanini. Nilikaa nayo majira ya baridi mazima kwa wanawake waliokuwa wakifuma kwenye kile kiwanda cha nguo kilichofungwa. Nikapiga mikono yao, shingo zao, vikombe vyao vya kahawa. Velizar akazichukua zile picha, akaziwekea jina lake, akapewa tuzo.

Nilipomuuliza alinipiga begani. "Kamera ni ya nani, binti yangu? Basi na picha ni za nani?"

Kwetu msimamizi wa ndoa hagombwi. Wanasema akikulaani, hata kuku wako hawataangua vifaranga. Mume wangu Genadi anaiamini laana hiyo kabisa, na kuku wenyewe hatuna.

Basi katikati ya wiki Genadi akaingia na habari, hata viatu hajavua.

"Baba Msimamizi anauza kamera."

"Ipi?"

"Ile ya matanga."

Moyo ukanipasuka. Niwe mkweli, haukupasuka kwa hasira peke yake. Ile kamera nilikuwa naiota.

"Bei gani?"

"Bei ya gari letu."

"Gari letu si halitembei?"

"Bei ya gari letu lilipokuwa linatembea." Akakaa, akaanza kuhangaika na kamba za viatu. "Yonka, tusidanganyane. Imetumika, imekwaruzika. Bibi harusi gani atataka picha za matanga? Anakuja na maua mekundu, unamrudishia maua ya kijivu?"

"Sikuuliza maua."

"Na kumlipa yeye, baada ya yote yale? Kwa lugha yako mwenyewe, ni kumlipa mwizi akuuzie macho yako."

Hapo alisema kweli, na mtu akisema kweli nyumbani kwangu huwa namchukia kidogo. Nikamwambia basi, hatununui, yamekwisha.

"Sawa," akasema. "Nitampigia simu. Ila alitaka uijaribu kwake, umpige picha yeye mwenyewe. Ya bango la maonyesho yake ya hapa nyumbani. Anasema litabandikwa mji mzima."

"Ngoja," nikasema. "Weka hiyo simu chini."

Wasomaji wangu, sikilizeni nilichokuwa nakijua. Kamera isiyojua rangi huongozwa kwa vioo vya rangi. Ukifunga kioo chekundu mbele ya lenzi, uso unang'aa, mabaka yanatoweka, mzee anatoka kijana. Ukifunga cha bluu, mambo hugeuka: kila doa, kila kimshipa cha pombe puani, hutoka cheusi. Kamera za kawaida zina msamaha, utarekebisha kwenye kompyuta. Hii haina. Kilichoingia ndicho kilichoingia.

Nikamwona Velizar kwenye kila ukuta wa Gabrovo, pale pale tunapobandika matangazo ya misiba, ana uso wa mlevi aliyefukuliwa. Nikaona wanawake wangu wa kiwandani wanapita na mikoba yao, wanasimama, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi nilikuwa nimechoka kuyasubiri.

"Tutakwenda Jumapili," nikamwambia Genadi.

"Jumapili ni ya Kusamehana."

"Vizuri zaidi."

Jumapili ya Kusamehana, kabla ya mfungo, wadogo huwaendea wakubwa. Mtu na mkewe humwendea msimamizi wao wa ndoa, wamechukua chungwa, wanambusu mkono na kusema, "Nisamehe." Naye anajibu, "Umesamehewa, Mungu naye akusamehe." Desturi haiulizi nani alimkosea nani. Aliyeibiwa anakwenda kumbusu mkono aliyemwibia, kisha anapewa halua.

Nikatia chungwa kwenye mkoba. Chini ya chungwa nikaweka kioo cha bluu.

Mkewe Velizar, Mama Dochka, alitufungulia akiwa na unga hadi viwikoni. Sebuleni pazia limefungwa na taa ni moja tu, yenye kofia ya rangi ya chungwa. Watu wa Gabrovo tunasemwa tunawakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Velizar hafugi paka kabisa, kwa sababu paka anakula.

Alikuwa amekaa kitini, miwani yake ya kahawia usoni. Tangu apate tuzo haivui, hata ndani ya nyumba.

Genadi akainama, akabusu mkono. "Nisamehe, Baba Msimamizi."

"Umesamehewa, mwanangu, Mungu naye akusamehe." Akajikuna mkono ule ule uliobusiwa, akanigeukia. "Na Yonka?"

"Mimi nitaomba nikitoka, baba. Kwanza biashara, mwanga usije ukatukimbia."

"Mwanga gani? Pazia limefungwa!" Akacheka. "Haya, mletee mtoto mwanasesere wake."

Mama Dochka akaileta, imefungwa kwenye taulo. Nikaipokea, na ikakaa mkononi mwangu kama vile haikuwahi kuondoka. Pembeni kulikuwa na mkwaruzo wa mlango wa kiwanda. Mkwaruzo wangu mimi. Nilitaka kulia, nikaamua kukagua.

Nikapiga ukuta mweupe, nikaikuza picha, nikatafuta vumbi. Nikasikiliza mlio wake. Nikachomoa betri, nikainusa.

"Unaikagua kama ng'ombe," Velizar akasema.

"Ng'ombe ningemfungua mdomo."

"Bei sipunguzi. Hata lev moja."

"Sijaomba. Kwa nini unaiuza?"

"Nimechoka nayo. Nimechoka na kila kitu, binti. Keshokutwa tunaruka kwa binti yetu Kanada, tutarudi cheri zikiiva. Sitaki kubeba vyuma." Akajikuna tena, safari hii shingoni.

"Hiyo ni sabuni," Mama Dochka akasema kutoka mlangoni. "Namwambia abadilishe, hasikii. Na chakula hagusi. Angalia, hata halua kaiacha."

Kwenye dari alikuwa amening'iniza kipande cha halua kwa uzi mwekundu, kama desturi, watu wakikimbize kwa midomo mikono nyuma. Genadi alikuwa ameshaanza. Mume wangu ana miaka hamsini na kitu, na alikuwa anaruka sebuleni kwa watu huku mdomo wazi.

"Vua miwani, baba," nikamwambia Velizar. "Bango bila macho ni bango la nani?"

Akavua. Bila miwani yule hatofautishi mbuzi na mjomba wake. Nikageuka dirishani, nikafunga kioo cha bluu kwenye lenzi, nikarudi. Moyo wangu ulikuwa unaimba, sifichi.

"Tazama hapa. Usicheke. Kumbuka tuzo."

Akainua kidevu. Nikapiga.

Kamera ile hula giza kama maharage, kwa hiyo ile taa moja ilitosha. Nikageuza kamera nitazame picha kwenye skrini yake, na Mungu nisamehe, nilifurahi. Mabaka yote yalikuwepo. Pua ilikuwa ramani ya mito. Nikaikuza picha nione na kope.

Macho yalikuwa meusi.

Simaanishi mboni. Nasema ule weupe wenyewe. Pale pa kuwa peupe palikuwa pa kijivu kizito, pamejaa sawasawa, bila mshipa hata mmoja.

"Nimetokaje?" Velizar akauliza.

"Kama mtakatifu ukutani, baba. Subiri kidogo."

Nikajiambia ni taa. Taa ya rangi ya chungwa inaweza kumchezea mtu.

"Genadi! Acha halua. Kaa hapa na Baba Msimamizi, nataka kupima mwanga."

Genadi akaja analamba vidole, akakaa, mashavu mawili karibu karibu chini ya taa moja. Nikapiga. Macho ya Genadi yalitoka meupe kama mayai ya kuchemsha. Ya Velizar yakatoka meusi.

Nikageukia dirisha, nikavua kioo, nikapiga tena bila kitu. Wote wawili macho meupe.

Basi haikuwa taa. Ilikuwa rangi, na rangi ambayo kioo cha bluu huigeuza giza ni manjano. Weupe wa macho ya Velizar ulikuwa umeingia manjano, na katika nyumba ile, chini ya ile taa, nyuma ya ile miwani, hakuna aliyekuwa ameuona.

Baba yangu alianza hivyo hivyo. Kwanza kujikuna, tukalaumu sabuni. Kisha chakula kikamshinda. Macho tuliyaona theluji ilipoanguka na nuru ikaingia nyumbani, na daktari akatuuliza mlikuwa wapi. Jirani yetu mwalimu alikuwa na ugonjwa ule ule, lakini yeye aliwahi. Wakampasua, wakazibua mrija wa nyongo ulioziba, na mpaka leo nakutana naye ngazini amebeba matikiti. Kati ya yule mwalimu na baba yangu, tofauti ilikuwa ni kuwahi tu.

Na huyu keshokutwa anaruka, arudi cheri zikiiva.

Nikaishusha kamera kifuani. Ningeweza kusema neno moja tu: baba, nenda hospitali kesho. Ulimi ulikuwa tayari, naapa.

"Unanunua au hununui?" Velizar akauliza. Alikuwa anapapasa meza akitafuta miwani yake.

Hapo nikaona jambo lilivyokaa. Nikiiacha kamera, atavaa miwani, atatazama zile picha, na yule ni fundi: atajua papo hapo. Nikiinunua, naondoka nayo, na macho yale yanaondoka na mimi. Kidole gumba kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta kikakataa kubonyeza, na mpaka leo sijui kwa nini.

"Anafikiria," Genadi akasema haraka. "Baba, mimi nilimwambia ni kamera ya matanga. Labda tuiache."

"Aiache?" Velizar akacheka. "Mwanangu, huyu hawezi kuiacha. Mtazame anavyoishika. Bila hii kamera angekuwa anapiga picha za pasipoti." Akaipata miwani, akaivaa, akaniegemea kwa upole wa kweli kabisa. Upole wake ndio ulioniua. "Sikiliza, Yonka. Ukinunua leo, nitakuongezea zawadi. Nitakupa picha moja ya wale wafumaji, kubwa, ya ukutani. Nitakusainia."

Atanisainia! Picha ya Mama Gina aliyenivulia kilemba akanionyesha nywele zilizonyofolewa na mashine! Atanisainia mimi!

Ulimi uliokuwa tayari ukarudi ndani ya mdomo.

"Nainunua," nikasema.

Genadi alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Lakini akatoa bahasha, na Velizar akaiweka mfukoni, akasema baraka na itumike kwa afya.

Kwa afya, alisema. Nikaivaa kamera shingoni.

Ikafika saa ya kuagana. Nikampa chungwa lake, nikauchukua mkono wake. Ulikuwa wa moto na una alama za kucha. Nikaubusu.

"Nisamehe, Baba Msimamizi."

Nilisema kwa sauti ya chini, na ni mimi tu niliyejua naomba msamaha wa nini.

"Umesamehewa, binti yangu, Mungu naye akusamehe." Alijaa mapenzi, mnyang'anyi yule. Nikabaki nimeinama, nasubiri. Nilijiambia: akisema leo, akilitaja jambo lenyewe kwa jina lake, nitamwambia. Neno moja tu la picha zangu, na mimi nitasema la macho yake.

"Na mimi," akasema.

Nikainua kichwa.

"Na mimi nisamehe, Yonka." Akashusha pumzi, macho ya kahawia nyuma ya vioo vya kahawia. "Nimekukamua kwenye bei. Ningeweza kukupunguzia kidogo. Lakini unanijua, mimi ni wa Gabrovo!"

Genadi akacheka. Mama Dochka akacheka huku anatufungia halua kwenye karatasi. Wote walikuwa wanacheka.

"Umesamehewa," nikamjibu. "Kwa bei, umesamehewa."

Tukashuka ngazi. Barabarani vijana walikuwa wameanza kuwasha mioto ya kuruka, ile ya kuchoma ubaya wa mwaka, na moshi ulijaa mpaka kwenye kona ya duka la mikate. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

"Hongera," Genadi akasema. "Sijui umefanya nini, lakini umetoka na uso wa mtu aliyeshinda."

"Nimeshinda."

"Mbona unakaza mwendo sasa?"

"Baridi."

"Yonka. Mimi nakujua tangu hujaota jino la akili. Kuna nini?"

Nilitaka kumwambia, kisha nikaona atakimbia kurudi juu. Genadi ni mtu wa hivyo. Angepanda zile ngazi mbili mbili, laana au hapana laana. Basi nikamwambia twende nyumbani. Nikajiambia kesho nitapiga simu. Nikajiambia pia sitapiga. Nikamkumbuka Mama Gina na kilemba chake, na roho ikapata joto tena, joto zuri, na nikatembea.

Tulikuwa hatujafika kwenye moto wa kwanza nilipotia mkono kwenye mkoba.

Chungwa halikuwepo, nililitoa mwenyewe. Lakini na kile kioo cha bluu hakikuwepo.

Nilikivua wapi? Dirishani. Nilikivua, nikakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, nikapiga ile picha ya mwisho, na akili yangu ikabaki kwenye macho ya watu.

"Yonka!"

Tukageuka wote wawili. Ghorofani pazia lilikuwa limevutwa, dirisha liko wazi. Mama Dochka alikuwa ameinama nje, unga bado mikononi.

"Umesahau kijioo chako!"

"Nitakipitia kesho, mama!" nikapiga kelele. "Kiweke tu!"

"Kizuri kweli! Naona dunia nzima bluu!" Alikuwa amekipachika jichoni kama mtoto. Akatutazama sisi, akatazama mioto, akacheka. Kisha, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akageuka ndani, kioo kikiwa bado jichoni, amtazame mume wake.

Nilimwona mgongo. Nikauona ukikakamaa.

"Velizar," akasema. Haikuwa sauti ya kuita. "Velizar, hebu vua hiyo miwani."

Sikusikia alichojibiwa. Genadi alinishika mkono, akaniuliza wana nini hawa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na jembe mkononi.

Mama Dochka akarudi dirishani. Alikuwa ameshusha kile kioo kutoka jichoni, amekibana kifuani kwa mikono miwili. Moto wa barabarani ulimmulika uso, na haukuwa na kicheko tena.

"Yonka," akasema, na sauti ikafika mpaka chini bila kupazwa. "Wewe ulimpiga picha na kioo hiki. Macho yake uliyaona?"

Genadi akanigeukia. Vijana waliokuwa wakiruka moto nao wakasimama, wakatutazama.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu, na zile picha zilikuwa ndani.